Istanbul kwa mfuko wa mwanafunzi: mwongozo kamili wa siku tatu na marafiki

Kila likizo ya muhula, makundi ya wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Ankara, Eskişehir, Konya na miji mingine ya Uturuki hufunga safari kwenda Istanbul. Wengi hurudi wameona msikiti mmoja, wamesimama kwenye foleni nyingi, wametembea Taksim usiku, na posho ya mwezi imeishia njiani. Tatizo huanzia kwenye ratiba. Watu huandika orodha ya vivutio kama walivyoviona mtandaoni, kisha wanaanza kuvikimbilia kimoja kimoja, leo upande huu, baada ya saa moja upande ule.

Istanbul ni mji uliokatwa na maji. Mlangobahari wa Bosphorus unatenga upande wa Ulaya na upande wa Asia, na upande wa Ulaya nao umepasuliwa na ghuba ndefu iitwayo Haliç. Kwa hiyo una ng'ambo tatu: mji mkongwe (Sultanahmet, Beyazıt, Eminönü), upande wa Beyoğlu na Beşiktaş, na upande wa Asia (Kadıköy na Üsküdar). Kanuni ninayoisimamia ni hii: siku moja, ng'ambo moja. Mkivuka asubuhi, mtavuka tena jioni mnaporudi kulala. Hapo katikati tumieni miguu. Ukiushika mpango huo, nauli inapungua, uchovu unapungua, na mji wenyewe unaanza kueleweka.

Hatua ya kwanza: kundi na mfuko wa pamoja

Nendeni wanne. Teksi ya kawaida inabeba abiria wanne, vyumba vingi vya hosteli na fleti za kupanga vina vitanda vinne, na watu wanne wanaweza kukubaliana haraka wapi pa kula. Mkifika saba au wanane, nusu ya siku itaishia kwenye kusubiriana nje ya vyoo na vituo vya tramu. Kama mko wengi, gawanyikeni makundi mawili na mkutane jioni.

Sasa pesa. Nimeona urafiki mzuri ukiingia doa kwa sababu ya kitu kidogo kama nani alilipa chai, kwa hiyo hapa sitaharakisha. Katika kundi moja utakuta mwenye ufadhili wa serikali ya Uturuki, anayelipiwa na wazazi, na anayejisomesha kwa kazi za mkono. Hawa hawana mfuko mmoja, na ni vizuri jambo hilo lizungumzwe kabla ya kukata tiketi. Fanyeni hivi:

Kila mtu ataje kiasi ambacho hawezi kukivuka. Bajeti ya kundi iwe ile ya mwenye kiasi kidogo zaidi, bila mjadala wala kumbembeleza aongeze. Kisha kila mmoja atoe mchango sawa kwenye mfuko wa pamoja, na mmoja wenu awe mhazini. Mfuko huo ulipie malazi, usafiri wa ndani ya mji, maji ya kunywa na mlo mmoja wa pamoja kwa siku. Kiingilio cha makumbusho, nguo, kahawa za bei na zawadi za nyumbani, kila mtu atajilipia. Mhazini aandike kila matumizi kwenye simu papo hapo na kila usiku awasomee wenzake salio. Inachukua dakika tano, na mnalala bila kinyongo.

Mmoja akitaka kupanda mnara wa kulipia na wengine hawataki, aende. Mkubaliane saa na mahali pa kukutana. Ngazi za msikiti wa Yeni Cami pale Eminönü zinafaa sana kwa hilo, maana zinaonekana kutoka mbali, hazina malipo na tramu inapita hapo. Chagueni sehemu hiyo kabla hamjatawanyika, kwa kuwa simu huzima chaji wakati mnapoihitaji zaidi.

Hatua ya pili: ruhusa, karatasi na tiketi

Kama unakaa bweni la serikali, jaza ruhusa ya kulala nje kabla ya kuondoka. Usimwachie mwenzako akusainie.

Beba kadi halisi ya ukaazi, ikamet, pamoja na kitambulisho cha chuo. Picha kwenye simu haitoshi. Polisi hukagua vitambulisho mara kwa mara Aksaray, Taksim na kwenye vituo vikubwa, na sura ya Kiafrika husimamishwa mapema. Jibu kwa utulivu, toa kadi, endelea na safari. Hoteli na hosteli nazo zinatakiwa kumwandikisha kila mgeni, hivyo aliyesahau kadi anaweza kuwakosesha wote chumba.

Kutoka Ankara au Eskişehir, njia bora ni treni ya mwendo kasi, YHT. Kutoka Ankara ni kama saa nne na nusu za safari, na kuna punguzo la vijana. Shukeni Söğütlüçeşme, kituo kilicho upande wa Asia, ambacho ni mwendo wa miguu tu hadi Kadıköy. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili huisha mapema, na wakati wa sikukuu za Idi huisha mapema zaidi. Kateni ya kwenda na kurudi kwa pamoja.

Anayetoka miji isiyo na treni hiyo atapanda basi. Jueni kwamba kampuni nyingi za mabasi hazimkalishi mwanamume na mwanamke wasiojuana kwenye viti vinavyopakana. Kundi lenye wavulana na wasichana likate tiketi kwa mara moja, la sivyo mfumo utawatawanya basi zima.

Hatua ya tatu: laleni Kadıköy

Wengi hutafuta chumba Sultanahmet kwa kuwa vivutio viko hapo. Mimi nasema laleni Kadıköy. Ni mtaa wa wanafunzi na wafanyakazi, chakula ni nafuu kuliko mji mkongwe, mitaa ina watu hadi usiku, na bustani ya pwani ya Moda ni ya bure: mnakaa kwenye nyasi, mnanunua chai na mbegu za alizeti, mnatazama jua likizama. Faida kubwa zaidi ni kwamba kila asubuhi mtaanza siku kwa kuvuka Bosphorus kwa nauli ya kawaida, wakati watalii wa ng'ambo ya pili wanalipa boti za kitalii kuona maji hayohayo.

Hatua ya nne: kadi ya usafiri

Nunueni Istanbulkart kwenye mashine iliyopo kila kituo kikubwa na kila gati. Kadi hiyo moja inafungua metro, tramu, mabasi, vivuko, treni ya Marmaray na reli za mlimani. Watu kadhaa wanaweza kupita kwa kadi moja, mkiigonga mara moja kwa kila kichwa, lakini punguzo la kubadilisha chombo humhusu aliyegonga wa kwanza tu. Mkikaa siku tatu, kila mtu awe na yake.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui na linakula salio kimyakimya. Kwenye Marmaray na kwenye Metrobüs, yaani mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake, ukiingia kwa kadi ya kawaida unakatwa nauli ya umbali mrefu kabisa. Ukishuka mapema, pesa iliyozidi unarudishiwa, lakini mpaka uidai mwenyewe. Tafuta kimashine kilichoandikwa "iade", yaani marejesho, karibu na mlango wa kutokea, gusisha kadi, utaona salio likipanda. Wenyeji hufanya hivyo bila hata kusimama. Mgeni hupita moja kwa moja, halafu jioni anashangaa kadi imeisha.

Marmaray yenyewe, iliyofunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013, hupita chini ya bahari kati ya mabara mawili. Pandeni mara moja, hasa siku ambayo upepo wa kusini, lodos, umechafua bahari na vivuko vimesitishwa. Hilo hutokea sana majira ya baridi, kwa hiyo asubuhi tazameni taarifa za vivuko kabla ya kuteremka gatini.

Siku ya kwanza: mji mkongwe

Muwe gatini Kadıköy kabla ya saa mbili asubuhi na mpande kivuko cha Eminönü. Nunueni simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, kabla ya kuingia. Kaeni nje, upande wa kushoto. Mhudumu atapita na sinia la chai, bilauri ndogo zilizobinywa kiunoni, kijiko kikigongagonga kila boti inapoyumba. Shakwe huruka sambamba na ukingo, karibu kiasi cha kuona jicho lake la manjano, akisubiri mtu arushe kipande cha mkate. Baada ya dakika kama kumi rasi ya Sarayburnu inajitokeza, na juu yake kasri la Topkapı, kuba la Hagia Sophia na minara sita ya msikiti wa Sultanahmet. Piga picha zako hapo. Hakuna mnara wa kulipia utakaokuonyesha mandhari hiyo vizuri zaidi.

Kutoka Eminönü tramu ya T1 inafika Sultanahmet kwa vituo vichache, au pandeni kilima kwa miguu. Anzeni na msikiti wa Sultanahmet, uliojengwa kuanzia 1609. Kuingia ni bure. Unafungwa kwa watalii nyakati za swala, na Ijumaa hadi swala ya adhuhuri iishe. Wasichana wabebe mtandio wao, wavulana waache kaptula hotelini.

Hagia Sophia, kanisa lililokamilika mwaka 537 chini ya mfalme Justinian na kugeuzwa msikiti mwaka 1453, lilikuwa makumbusho kwa miongo mingi kabla ya kurudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa euro 25 kuona roshani ya juu, yenye picha za kale za vigae. Anayekwenda kuswali huingia chini kupitia mlango wa waumini bila malipo. Kwa Mwislamu katika kundi, kuswali rakaa mbili chini ya kuba lile inatosha kabisa. Asiye Mwislamu, nadhani pesa hiyo aitunze, maana jengo linalofuata jioni, msikiti wa Süleymaniye, litamlipa zaidi.

Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja wa farasi wa kale, na katikati yake umesimama mnara wa jiwe wenye maandishi ya Kimisri. Watu hupiga picha na kuondoka bila kujua kwamba ni jiwe la Afrika: lilichongwa enzi za Farao Thutmose III, karne ya 15 kabla ya Kristo, likakaa Karnak, kisha likasimamishwa hapa mwaka 390. Zungukeni nguzo hiyo polepole. Maandishi yake ni makali kana kwamba yamechongwa juzi, kuliko hata michoro ya Kirumi iliyo kwenye kitako chake, ambayo ni changa kwa karne nyingi. Wenye hamu zaidi waingie Makumbusho ya Akiolojia, karibu na bustani ya Gülhane, wakaone kibao cha udongo cha mkataba wa amani kati ya Misri na Wahiti, dola ya kale iliyokuwa katika nchi ya Uturuki ya leo. Ulizeni dirishani kuhusu kadi ya makumbusho ya mwanafunzi, na mtoe kitambulisho cha chuo kabla hamjatajiwa bei. Sentensi ya kukariri ni "Öğrenci indirimi var mı?", yaani kuna punguzo la mwanafunzi? Iulizeni kila mahali. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne.

Mchana tembeeni kuelekea Kapalıçarşı, soko lililofunikwa, lenye mitaa zaidi ya 60. Ingieni mtazame dari, taa na wafua dhahabu, lakini msinunue nguo humo. Teremkeni mtaa wa Mahmutpaşa, unaoshuka kutoka sokoni hadi Eminönü. Hapo ndipo wenyeji wananunua mashuka, koti la baridi na suti ya harusi. Soko lenyewe hufungwa Jumapili.

Kabla ya kuteremka, pandeni Süleymaniye. Katika majengo yote ya Istanbul, hili ndilo ningependa kila mwanafunzi alione. Mjenzi Sinan alilikamilisha mwaka 1557, hakuna kiingilio, na watalii ni wachache. Mwanga huingia kwa utulivu kiasi kwamba watu hujikuta wananong'ona. Nyuma kuna makaburi ya Sultan Suleiman na mkewe Hürrem, ambayo wale waliofuata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili hawatataka kuyakosa. Kwenye ua wa nyuma mnaiona Haliç yote chini yenu, na daraja la Galata na wavuvi wake.

Mlo wa pamoja wa siku hiyo uwe mbele ya msikiti huo, kwenye vibanda vya kuru fasulye. Ni wali maharage, hakuna jina jingine: maharage meupe yaliyoiva kwa nyanya na siagi, wali pembeni, pilipili ya kuchoma na kachumbari ya siki. Mtu aliyechoshwa na chakula cha bweni hula sahani hiyo akanyamaza.

Rudini na kivuko cha jioni, jua linapozama. Mkae nyuma ya boti, mtazame mji mnaouacha.

Aksaray na Laleli, kama mna nusu siku

Tramu hiyohiyo ya T1 ikipita Beyazıt inafika Laleli na Aksaray. Huku ndiko wafanyabiashara kutoka Kariakoo na Eastleigh huja kununua nguo na kuzisafirisha kwa kontena au ndege, na mchana wa siku ya kazi ukikaa mgahawani utasikia Kiswahili meza ya jirani. Kuna vyakula vya Kiafrika, vinyozi wanaojua nywele zetu, na wasusi. Wanafunzi wengi wa kwetu huwasaidia wafanyabiashara hao kutafsiri. Salimia watu wazima vizuri, shikamoo yako itapokewa kwa furaha usiyoitarajia, na mara nyingi utapata ushauri wa mjini ambao hakuna ramani inayoutoa. Usikubali kubebea mtu mzigo wowote, hata akiwa wa mkoa wenu.

Siku ya pili: Galata hadi Ortaköy

Kivuko leo ni cha Karaköy. Pandeni ngazi hadi mnara wa Galata, uliojengwa na Wagenoa mwaka 1348. Utazameni kutoka chini, foleni yake ni ndefu na kiingilio chake ni ghali. Endeleeni na mtaa wa İstiklal hadi Taksim, mkichungulia vichochoro na maduka ya vitabu vilivyotumika. Ukichoka kupanda, kuna Tünel, reli fupi ya chini ya ardhi iliyoanza mwaka 1875, ya pili duniani kwa ukongwe baada ya ile ya London.

İstiklal na Taksim ndipo pa kuwa macho. Mtu nadhifu, mchangamfu, anayeongea Kiingereza safi, atakuomba kiberiti au kukuuliza saa, kisha atakualika kinywaji kwenye klabu anayoijua. Bili itakayoletwa ni ya kutisha na mlangoni watakuwa wamesimama watu wenye miili. Shukuru, endelea kutembea. Mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yako, mwonyeshe kwa mkono na usiiokote, maana ukimrudishia atakushika kiatu "kwa shukrani" na kudai malipo. Teksi muipande mita ikiwa imewashwa, au muiite kwa programu ya simu.

Wasichana, mkubaliane mapema kwamba mmoja akisema "tuondoke hapa", kundi zima linaondoka bila kuuliza sababu. Wavulana, msibishane na kanuni hiyo.

Kutoka Taksim teremkeni Kabataş kwa reli ya mlimani, mtembee kando ya kasri la Dolmabahçe, alimofariki Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, tarehe 10 Novemba 1938, mpaka Beşiktaş. Huu ni mtaa wa wanafunzi, kwa hiyo kuleni hapa. Çiğ köfte iliyokunjwa kwenye chapati nyembamba ndicho chakula cha bei ndogo kabisa mtakachokipata, haina nyama, na inashibisha. Kama miguu bado ina nguvu, fuateni pwani hadi Ortaköy, msikiti mdogo chini ya daraja kubwa la 1973. Viazi vya kumpir vinavyouzwa hapo vimejaa vikorombwezo, kimoja kinawatosha wawili.

Rudini Kadıköy kwa kivuko cha Beşiktaş.

Siku ya tatu: Asia, bila haraka

Amkeni kwa kuchelewa. Nendeni Üsküdar, mpite msikiti wa Mihrimah Sultan karibu na gati, kazi nyingine ya Sinan, kisha mfuate pwani hadi Salacak, mkabala na Kız Kulesi, mnara uliosimama juu ya maji. Vibarazani hapo huuzwa chai, na mbele yenu ni mji mkongwe mlioutembea juzi.

Badala yake mnaweza kwenda Büyükada, kisiwa kikubwa kati ya Visiwa vya Wanamfalme, kisichoruhusu magari binafsi. Nawashauri kisiwa hicho siku ya kazi tu, Aprili, Mei au Oktoba. Jumapili ya kiangazi boti hujaa mpaka watu husimama njia nzima. Kundi lenye Waislamu linaweza kupendelea Eyüp, kwa tramu ya T5 kutoka Eminönü, kulizuru kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari. Mwezi wa Ramadhani ua wake hujaa familia zinazofuturu.

Kama mnataka kuiona Bosphorus yote, pandeni boti ya manispaa ya Şehir Hatları, inayokwenda mpaka karibu na Bahari Nyeusi. Wapiga debe wa Eminönü watawaita kwenye boti binafsi. Gati la Şehir Hatları lina jina lake limeandikwa wazi na ratiba imebandikwa.

Jambo likiharibika, namba ya dharura ni 112 kwa polisi, gari la wagonjwa na zimamoto. Balozi za Tanzania na Kenya ziko Ankara, kwa hiyo aliyepoteza pasipoti aanze na ripoti ya polisi hapohapo Istanbul, ndipo asafiri.

Mchana wa mwisho, mhazini afunge hesabu mkiwa bado Kadıköy. Kilichobaki kigawanywe sawa, hata kama ni lira chache, na anayedaiwa alipe kabla ya kupanda treni. Söğütlüçeşme kuna ukaguzi wa mizigo kabla ya kuingia, kwa hiyo fikeni nusu saa mapema.